Bustani ya Pua: Habari za Maua ya Mwambao

Mwezi wa Julai mwaka 1505, merikebu za Wareno zilizoongozwa na Francisco de Almeida zilipotia nanga mbele ya Kilwa, na watu wake wakashuka kuuteka mji ule na kuupora, alikuwamo safarini humo Mjerumani mmoja, Hans Mayr kwa jina, na habari zilizohifadhiwa chini ya jina lake, pamoja na kueleza majumba yalivyokuwa na ngawira ilivyochukuliwa, zina maneno machache ambayo wanahistoria wa vita huyapita bila kuyageukia. Maneno hayo yasema kwamba Kilwa ilikuwa na bustani, na kwamba katika bustani hizo, zilizonyweshwa kwa maji ya visima, palioteshwa michungwa na milimau, figili na vitunguu vidogo, na kando ya hivyo mrehani na majani mengine ya kunukia. Figili na kitunguu havihitaji sherehe, kwa kuwa hakuna mji usiokula. Mrehani ndio unaonishughulisha. Yamkini Mayr aliutazama kwa jicho la mpishi, maadamu kwao Ulaya hutiwa chunguni. Walakini katika mwambao wetu, kadiri kumbukumbu za wazee zinavyoweza kurudi nyuma, mrehani aghalabu haukuwa wa chungu. Ulikuwa wa kifua cha mwanamke na wa mto wa kulalia, na watu waliokuwa radhi kuteka maji kisimani kwa ndoo na kamba ili kuunywesha mmea wasioula walikuwa wamekwisha kufika daraja ya ustaarabu ambayo haikuandikwa katika hesabu ya ngawira.

Nimeanza na Kilwa kwa makusudi, kwa sababu imezoeleka kusemwa, hata na waandishi wenye insafu, kwamba ukulima wa maua katika Afrika Mashariki ulianza na Mzungu, na kwamba kabla ya kuja kwake watu wetu walipanda vya kuliwa na vya kuuzwa basi. Usemi huo una sehemu ya kweli ikiwa makusudio ni bustani ya kutazamwa, ile yenye vitalu vilivyopangwa kwa rangi, njia zilizonyooshwa kwa kamba, na uwanja wa majani yaliyokatwa yakawa sawasawa. Bustani ya namna hiyo ni mgeni kweli. Lakini ilikuwapo nyingine, ndogo, iliyositirika nyuma ya kuta, iliyopandwa kwa ajili ya pua kabla ya jicho. Na elimu ya kuitunza, ambayo haikupata kuandikwa kwa sababu wenye kuijua walikuwa wanawake na wanawake hawakuulizwa, ilikuwa pana, yenye kanuni na nyakati zake.

Heshima ya harufu njema katika pwani hii ni kongwe kuliko Wareno. Msafiri wa Tanja, Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliletewa kutoka kwa mtawala wa mji sahani ya tambuu na popoo, akapewa majani kumi na popoo chache, na kadhi aliyekuwa mwenyeji wake akapewa vivyo hivyo, kisha wote wawili wakamiminiwa marashi ya waridi yaliyotoka Damaski. Hebu msomaji aipime safari ya chupa ile: kutoka Sham hadi Bahari ya Sham, kutoka huko kwa pepo za musimu hadi pwani ya Wasomali, kwa makusudio ya kulowesha nguo ya mgeni kwa muda usiofika saa moja. Mfanyabiashara hasafirishi kitu kisicho na mnunuzi, na mtawala hammiminii mgeni wake kitu kisicho na hadhi. Desturi yenyewe haijakoma mpaka leo. Katika arusi na maulidi mrashi wa fedha huzungushwa barazani, na mzee aliyenyunyiziwa huifuta mikono usoni na ndevuni kwa taratibu ileile.

Bahari iliyoleta chupa ndiyo iliyoleta na miche. Mwasumini wa nyumbani, wenye maua mazito meupe, asili yake ni Bara Hindi. Mwaridi wa marashi ni wa Uajemi na Arabuni. Mlangilangi, mti mrefu wenye maua ya manjano yaning'iniayo kama vitambaa vilivyochanika, ulitoka visiwa vya Mashariki ya Mbali, na katika Visiwa vya Ngazija ulikuja kulimwa shamba baada ya shamba kwa ajili ya watengenezaji manukato wa Ufaransa. Isidhaniwe, hata hivyo, kuwa mwambao ulikaa mikono mitupu ukingoja kuletewa. Mkilua ni wa huku huku, na kilua chake, ua lisilo na sura ya kumsimamisha mpita njia, lina harufu ambayo aliyewahi kuisikia hataisahau. Mkadi, uotao penye majimaji karibu na pwani, hutoa ua la kiume lililofungwa ndani ya majani meupe yenye kunukia. Na afu, asumini ya mwituni, ilichumwa vichakani kabla jahazi lolote halijaleta ile ya Bara Hindi. Mikono ya wanawake ndiyo iliyovichanganya vya bahari na vya mwitu hata pasijulikane tena mwenyeji ni yupi na mgeni ni yupi.

Pahali pa mimea hiyo palikuwa uani. Nyumba ya mawe ya Lamu, ambayo kwa nje haimwonyeshi mpita njia ila ukuta na mlango, ina kiwanda chake kilicho wazi juu, na karibu na kiwanda kisima, na karibu na kisima birika la kutawadhia, ambamo wenye nyumba walizoea kufuga samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Maji yaliyokwisha kufanya kazi ya tohara hayakuachwa yapotee. Yaliongozwa kwenye shina la mwasumini au mkomamanga, na mmea ukanywa mara nyingi kwa siku bila mtu kubeba ndoo kwa ajili yake. Hii ndiyo sababu, kwa maoni yangu, ya mwasumini kustawi katika miji mikavu ambamo mwenye shamba analalamikia mvua. Udongo nao ulikuwa na shida yake. Miji mingi ya mwambao imekaa juu ya matumbawe, ardhi yake ni haba na ina chokaa nyingi, na mwasumini uliopandwa katika chokaa hugeuka majani manjano ukadumaa. Basi ukapandwa katika mitungi iliyovunjika shingo, na baadaye, biashara ya mafuta ya taa ilipoenea, katika madebe yaliyotobolewa chini, ukalishwa samadi ya mbuzi na majani yaliyooza.

Wala tusiipambe habari kupita kweli yake. Katika majumba makubwa, mwenye kuvuta kamba ya kisima hakuwa bibi wa nyumba. Alikuwa mtumwa, na harufu iliyosifiwa sebuleni ilikuwa na jasho nyuma yake. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni, Unguja, mwaka 1844, na ambaye kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani mwaka 1886, ameeleza jinsi nguo za mabibi wa jumba zilivyolazwa usiku pamoja na asumini na maua ya mchungwa ili zinywe harufu, na jinsi zilivyofukizwa na kutiwa ambari na miski kabla ya kuvaliwa. Kazi hiyo yote ilikuwa ya vijakazi. Ameeleza pia ua mkubwa wa Mtoni, na michungwa yake, na tausi, paa, heroe na mbuni waliotembea humo wapendavyo. Na mwenye kusoma kwa makini atatambua kuwa hata katika kasri la sultani palipandwa zaidi miti ya kivuli, tunda na harufu kuliko maua ya rangi.

Sasa nije kwenye elimu yenyewe, ambayo msingi wake wote ni saa. Maua ya kunukia hayachumwi mtu apatapo nafasi. Waridi la marashi huchumwa alfajiri, kabla jua halijalinyang'anya mafuta yake. Langilangi nalo ni la alfajiri, ila halichumwi mpaka liwe limekomaa na kugeuka manjano, kwa kuwa lingali kijani halina linachotoa. Asumini ni kinyume chake: tumba lake huchumwa alasiri, likiwa limekwisha nenepa na kuwa jeupe lakini midomo ingali imefumba, kwa sababu hufunguka jua likishakuchwa, na usiku huo huo ndio umri wake. Tumba lililochumwa likiwa changa na la kijani halifunguki tena. Lililochumwa limekwisha funguka limepoteza nusu ya thamani yake. Na lililoachwa mtini mpaka asubuhi hupatikana chini, limegeuka rangi. Mchumaji hodari hutazama mti mzima saa tisa mchana, akajua kwa weupe wa tumba lipi litafunguka usiku wa leo na lipi ni la kesho, na vidole vyake hupita katikati ya matawi bila kulitikisa la kesho.

Lililokwisha kuchumwa lina adabu zake pia. Halitumbukizwi majini, maana maji yakituama juu ya petali huziachia madoa ya hudhurungi. Hufungwa katika kipande cha jani la mgomba au kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, likawekwa penye ubaridi, aghalabu karibu na mtungi wa maji ya kunywa, ambapo hewa haina joto. Mkadi haudai haraka hiyo. Majani ya ua lake hupasuliwa vipande virefu, yakawekwa kashani baina ya nguo, na hata yakikauka yangali yananukia, kiasi kwamba mtu afunguapo kasha baada ya muda mrefu huyakuta bado yana nguvu. Mti nao hauachwi hivi hivi. Msimu wa maua ukipita, mwasumini hukatwa matawi pasipo huruma, kwa sababu matumba hutokea katika matawi mapya, na mwenye kuuonea haya kwa kisu atakuwa na kichaka kikubwa cha majani, apate maua machache ya kuhesabu kwa vidole.

Nimemtazama mama mmoja wa Mji wa Kale wa Mombasa akitunga kikuba, na sidhani kuwa maelezo yaweza kufikia wepesi wa mikono yake. Alikaa mkekani, ungo wa matumba mapajani, sindano nyembamba yenye uzi mweupe mkononi. Kila tumba alilitoboa penye kikonyo, pahali pagumu pasipopasuka, akalisukuma uzini likalalia la nyuma yake, matumba yote yakielekea upande mmoja, mpaka alipopata shada la urefu wa kiganja. Kisha akachukua vitawi viwili vya mrehani, akavizungushia kipande cha mkadi alichokikata kwa mkasi, akatia kilua kimoja katikati, akalizungusha lile shada la asumini juu yake mara tatu, akafunga kwa uzi ule ule na kuukata kwa meno. Petali za waridi alizipachika mwisho, pembeni. Nilipomwuliza kwa nini kilua kikae ndani na kisionekane, alijibu bila kuinua macho, "Hicho si cha kuonekana, mwanangu." Jibu hilo lilinitosha kuelewa bustani nzima ilipandwa kwa sababu gani.

Kikuba huvaliwa kifuani, au hupachikwa nyweleni. Koja la asumini huvishwa shingoni. Petali hutandazwa kitandani mwa maarusi. Aidha dini iliingia ndani ya jambo hili kwa pande mbili. Imo hadithi iliyopokewa na Muslim ambayo inamtaka mtu anayepewa rihani asiikatae, kwa kuwa ni nyepesi kuichukua na harufu yake ni njema; na kwa hiyo kumpa mgeni kitawi cha mrehani, na mgeni kukipokea, kumekuwa kitendo cha murua na cha ibada kwa pamoja. Upande wa pili ni katazo. Mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa eda miezi minne na siku kumi, na katika muda huo hajipambi wala hajitii manukato. Hatungi asumini ya kujivalia wala hapachiki kikuba. Mti wake uliopo uani haujui msiba, huendelea kutoa maua, na jirani au binti ndiye anayekuja kuchuma. Sijui sheria nyingine ya bustani iliyo na uzito kama huo, kwamba saa ya kuchuma hupangwa na jua, na haki ya kuvaa hupangwa na hali ya mtu mbele ya watu wake.

Bustani ya jicho iliingia Unguja kwa mlango wa kasri. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa mtu wa kupenda maji. Ndiye aliyeyavuta maji ya Chemchem mpaka mjini, na katika jumba lake la Maruhubi, ambalo moto uliliteketeza mwaka 1899, palichimbwa mabirika yaliyooteshwa mayungiyungi. Wakati huo huo alikuwako Unguja Dakta John Kirk, aliyewasili mwaka 1866 na baadaye akawa Balozi Mkuu wa Uingereza, mwanasiasa kwa cheo na mwanabotania kwa mapenzi, aliyefanya shamba la majaribio huko Mbweni, akikusanya humo mimea kutoka pande nyingi za dunia na kupeleka ya kwetu katika bustani za mimea za Kew, Uingereza. Kutoka Mbweni mimea ilihamia mjini, katika bustani iliyokuwa ya wanawake wa Barghash huko Vuga, na mwaka 1899 Sayyid Hamoud bin Mohammed akaitoa bustani hiyo iwe ya watu wote, ikapewa jina la Malkia Victoria. Jambo hilo dogo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Bustani iliyokuwa siri ya wanawake ikawa pahali pa watu kutembea jioni kwa viatu. Hamamu yao ikageuzwa ukumbi, na kuanzia mwaka 1926 ukumbi huo ukawa wa Baraza la Kutunga Sheria. Katika zama zile zile za utawala wa Waingereza, mwaka 1949, ilichapishwa orodha kubwa ya R. O. Williams ya mimea yenye manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba, kazi ya thamani isiyopingika, ingawa fikira ya kuyatenga manufaa na mapambo ingalimstaajabisha yule mama wa kikuba.

Upande wa bara, Wajerumani walianzisha bustani ya mimea Dar es Salaam mwaka 1893 na taasisi ya Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na makusudio yao ya kwanza hayakuwa kupamba. Walitaka kujua ni mmea gani utalipa. Pamoja na hayo ni katika milima ile ya Usambara, mwaka 1892, ambapo Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa ofisa wa utawala huko, aliona kijiua cha rangi ya urujuani kikiota kwenye mawe yenye unyevu na kivuli, akapeleka kwao mbegu. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen akakipa jina la kisayansi lenye kumbukumbu ya yule ofisa. Leo mmea huo umekaa katika madirisha ya mamilioni ya nyumba za Ulaya na Marekani, na mabibi wa huko wanajua vyema kwamba haupendi jua kali, wala maji baridi juu ya majani yake yenye manyoya, na kwamba ni bora kuunywesha kwa kutia maji katika kisahani cha chini. Wenyeji wa Tanga wanaoujua kwa sura ni wachache, na jamii zake kadhaa za mwituni zimo hatarini kutoweka kwa kuwa misitu yao inakatwa.

Ndipo likaja suala la majani. Katika ua wa Kiswahili, usafi ni ardhi tupu iliyofagiliwa. Kila asubuhi mwanamke au binti hufagia uwanja kwa ufagio wa njukuti mpaka mistari ya njukuti ionekane mchangani, na jani liotalo karibu na kizingiti hung'olewa, kwa kuwa ndani ya majani hukaa nyoka, na kwa kuwa majani mlangoni ni dalili ya nyumba iliyohamwa. Mwingereza alikuja na kanuni iliyo kinyume kabisa: kwake ardhi tupu ndiyo aibu, na majani mafupi, ya kijani, yasiyo na kazi, ndiyo heshima ya nyumba. Nyumba za maofisa, viwanja vya Mnazi Mmoja huko Unguja na vilabu vya gofu huko Mombasa na Nairobi vikahitaji majani hayo, na mtu wa kuyakata akapatikana kwa ujira mdogo, fyekeo mkononi, mgongo umepinda, akilipeleka na kulirudisha tangu asubuhi hata adhuhuri, kesho kutwa arudi pale pale alipoanzia. Mimi sichukii uwanja wa majani. Watoto huchezea, na mvua hunyesha juu yake bila kuichukua ardhi. Lakini kati ya kazi zote zilizoingizwa katika nchi hizi, sijaona yenye jasho jingi na matunda machache kuliko hiyo.

Na hapa historia ina kichekesho chake. Majani yanayosifiwa leo katika viwanja vya Australia na California, na ambayo wakati huo huo yanalaaniwa huko kwa kuvamia kila kitu, ni majani ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, yaliyochukua jina la nchi ya Wakikuyu. Australia yalipelekwa mwaka 1919 kwa mbegu zilizotoka Kongo ya Wabelgiji. Majani hayo yanataka baridi ya milimani, na mwenye kuyapanda Malindi au Tanga atayaona yakidhoofika. Pwani kuna ukoka, unaotambaa na kustahimili jua na kukanyagwa, na kuna majani mapana yanayouzwa Kenya kwa jina la nyasi za Pemba, ambayo huvumilia kivuli cha mnazi na hewa ya chumvi. Hayo hupandwa kwa vipande, si kwa mbegu, kila kipande na kifundo chake, umbali wa kiganja baina ya kimoja na kingine, mwanzo wa mvua za masika. Na hayakatwi mafupi sana, maana yakikatwa mpaka chini jua huunguza mizizi na magugu yakapata nafasi.

Pamoja na majani zilikuja rangi: mabogenvilia ya Amerika ya Kusini, mijakaranda ya huko huko, na mikrismasi ya Bukini inayowaka nyekundu mwisho wa mwaka. Ni mizuri, sikatai, na barabara za miji yetu zingekuwa maskini bila miti hiyo. Lakini karibia uinuse: bogenvilia haina harufu kabisa, na mkrismasi nao hauna la kumpa mwenye kufumba macho. Waliopanda walipanda kwa ajili ya mtu apitaye ndani ya gari.

Mwisho wa njia hiyo ni waridi la Naivasha. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kampuni za kigeni zilipoanza kulima maua ya kuuza Ulaya, Kenya imekuwa mojawapo ya nchi kubwa duniani kwa maua ya kukatwa, na elimu ya kuyatunza imefika daraja ya ajabu. Ua hukatwa likiwa tumba, hutiwa majini mara moja, hupozwa mpaka karibu na ubaridi wa barafu, hupangwa kwa urefu wa kikonyo, huingizwa ndegeni usiku, na kesho au kesho kutwa linauzwa Uholanzi. Mnunuzi naye anafundishwa kukata ncha ya kikonyo upya kwa mshazari, kuondoa majani yatakayozama majini, kubadilisha maji, na kutoliweka karibu na ndizi au maembe yanayoiva, kwa kuwa matunda hayo hutoa hewa inayolizeesha ua. Juhudi zote hizo zina lengo moja, nalo ni siku za kukaa chomboni. Wakuza mbegu wakachagua vizazi hadi vizazi mawaridi yenye petali ngumu na kikonyo kirefu, na harufu, ambayo haikuwa katika bei, ikapungua njiani hata katika mawaridi mengi imekwisha. Ninaliona hilo kuwa hasara isiyolingana na faida yake, na mfanyakazi wa kike anayeyafunga maelfu ya mawaridi kwa siku bila kunukia chochote mikononi jioni angekuwa shahidi wangu mzuri.

Asumini bado inauzwa Mombasa, Lamu na Unguja jioni, hasa siku za arusi, imefungwa katika jani au karatasi, na wauzaji wengi ni wanawake watu wazima. Mabinti hununua, wanaotunga wanazidi kupungua, na nyumba mpya za ghorofa hazina ua. Hilo la mwisho si udhuru, maana mwasumini uliwahi kukaa katika mtungi uliovunjika. Kwa msomaji atakayetaka kuanza, namna ni hii. Kata tawi lisilo changa sana wala gumu sana, urefu wa shibiri moja, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, lichomeke katika debe lililotobolewa lenye udongo mwepesi na mchanga, uliweke kivulini, udongo usikauke wala usituame maji. Baada ya wiki nne hadi sita litakuwa limeshika mizizi. Lihamishie penye samadi iliyooza na jua la asubuhi, karibu na pahali unapomwaga maji ya kuogea. Matumba yakitokea, yaache mpaka yawe meupe, na uchume baada ya sala ya alasiri.